Niliacha, niliachwa, tuliachana: mwongozo wa kuukagua mwaka wako kabla ya Bonane

Kila Desemba hapa Lubumbashi swali ni lile lile, kuanzia mtaa wetu wa Kenya hadi ule wa Ruashi: watoto watavaa nini siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya? Swali la pili, kwamba mwaka huu umenifanya nini, huja usiku watu wakishalala, na kwa kawaida halipewi hata karatasi. Mimi nilianza kulipa karatasi miaka sita iliyopita. Nimelifanya zoezi hili peke yangu, nimelifanya na yaya yangu (ndugu yangu mkubwa), na mwaka jana nililifanya na kina mama wanne wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu. Mmoja wao hajui kuandika. Alitumia punje za mahindi, mafungu kumi na mawili sakafuni, punje moja kwa kila jambo, na mwanawe akamwandikia. Alitoka na mwaka wake mzima kuliko sisi tuliojifanya wasomi.

Naeleza hapa namna tunavyofanya, pamoja na makosa yangu, maana mwaka uliopita ulinibadilisha sana na nusura niusome vibaya. Nilipoteza kazi ya ukeshia mwezi wa tatu, nikahama Bel-Air kwenda Katuba, nikaanza kuishi kwa cherehani, na rafiki wa miaka kumi na minne akatoka maishani mwangu. Kama ungeniuliza Desemba ile, ningekujibu kwa neno moja: mwaka wa kufukuzwa. Kaye, yaani daftari la zoezi hili, ilinijibu tofauti.

Hatua ya kwanza: chagua jioni mbili

Usifanye tarehe 31. Siku hiyo kuna mkesha kanisani, kuna kuku wa kunyonyoa, kuna wageni. Usifanye pia wiki ya kwanza ya Januari, wakati Bonane imeshakomba nyumba na kila kitu kinaonekana kichungu. Ukiukagua mwaka huku mfuko ukiwa mtupu, utadhani mfuko ulikuwa mtupu tangu Februari. Mimi huchukua jioni mbili kati ya tarehe 10 na 20 Desemba, saa mbili kila moja, na usiku mmoja wa kulala katikati. Huo usiku wa katikati una kazi yake: asubuhi utakumbuka mambo matatu au manne ambayo jana hayakuja.

Vifaa ni kaye moja, biki mbili (ya kwanza itagoma), na simu yenye moto wa kutosha, kwa sababu umeme hauwezi kukuahidi chochote.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla ya kukumbuka

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakaa, wanaangalia dari, wanaanza kukumbuka. Kumbukumbu hushika siku za kelele: kilio, ugomvi, siku uliyopewa barua. Mambo yaliyokua polepole haina habari nayo. Kwa hiyo usikumbuke kwanza. Soma.

Anza na ujumbe wa pesa kwenye simu, iwe ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kila mmoja una tarehe, kiasi na jina. Usitazame kiasi, tazama majina. Nani ulimtumia kila mwezi hadi Juni kisha ukaacha? Nani alianza kukutumia wewe? Mabadiliko ya jamaa huonekana humo kabla hayajatamkwa na mtu.

Kisha ingia WhatsApp, fungua sehemu ya kutafuta, uandike neno moja moja: pole, samahani, aksanti, nitakurudishia, niko njiani. Andika na "asante", kwa ajili ya wale wanaoandika Kiswahili cha shuleni. Usihesabu yote, angalia tu miezi ipi imejaa neno lipi. "Pole" zangu zilijaa Machi na Aprili, kama nilivyotarajia. Ila nilipoandika "nguo", niliona ujumbe wa tarehe 14 Januari: "Mama, nguo ya mtoto iko tayari?" Nilikuwa nikishona kwa malipo wiki nane kabla ya kupewa barua. Hadithi niliyokuwa nikiwasimulia watu, kwamba nilifukuzwa ndipo nikaanza kushona, haikuwa kweli. Cherehani ilikuwa tayari imefungua mlango, barua ikanisukuma tu.

Baada ya simu, toa makaratasi: daftari la likelemba, bulletini (ripoti za shule) za watoto, kadi ya kliniki, stakabadhi za kodi ya nyumba, hata vikaratasi vya programu za mazishi. Picha nazo ni ushahidi, lakini usiangalie nyuso, maana kwenye picha kila mtu anacheka. Angalia nyuma yao. Friji ile bado ipo? Kiti kile kiliuzwa lini?

Hatua ya tatu: tandaza miezi

Gawa kurasa mbili katika nafasi kumi na mbili. Ukikwama kwenye tarehe, usihangaike na namba. Mji huu una kalenda yake. Mvua zetu, karibu milimita 1,200 kwa mwaka, zinamwagika takriban zote kati ya Novemba na Machi. Kwa hiyo jiulize: ilikuwa wakati wa uyoga kando ya barabara? Mvua zilikuwa zimekata? Ilikuwa kwenye baridi ya Juni na Julai, asubuhi unapoongea na mvuke unatoka kinywani? Vumbi jekundu la Agosti? Jakaranda zilikuwa zimechanua na watoto wanarudi shule? Maembe? Inswa, wale kumbikumbi wa mvua za kwanza? Mama yule wa punje za mahindi hakutaja tarehe hata moja, na hakukosea mpangilio.

Katika kila nafasi weka kitu chochote kilichokuwa hivi mwanzoni na vile mwishoni. Usichague kikubwa. "Nilianza kunywa chai bila sukari" inaingia pamoja na "baba mkwe alilazwa".

Hatua ya nne: kagua mkia wa kitenzi

Hii ndiyo nyama ya zoezi, na jioni ya pili nzima ni yake.

Kila jambo uliloandika, ligeuze liwe sentensi fupi yenye kitenzi kimoja. Halafu tazama mkia wa kitenzi hicho. Lugha yetu inabeba mkiani swali ambalo sisi wenyewe tunalikwepa: nani alifanya, nani alifanyiwa, na nani alikuwepo. Chukua kuacha. Niliacha. Niliachwa. Tuliachana. Niliachia. Herufi mbili tatu, na mwaka mwingine kabisa.

Wazee wa mji huu wanalijua swali hili kutushinda. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walitoka kazini katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari. Keti barazani na wawili waliokuwamo. Mmoja atasema "tulipoondoka", mwenzake atamkata hapo hapo: "tulipoondolewa". Fomu ilikuwa moja. Miaka zaidi ya ishirini imepita na mkia wa kitenzi bado haujaamuliwa. Wewe unao mwaka mmoja tu wa kuamua, kwa hiyo jaribu.

Pita kwenye orodha yako hivi.

Kwanza, tafuta vitenzi vya kutendwa: nilifukuzwa, nilihamishwa, nilinyimwa. Mbele ya kila kimoja andika "na nani". Ukiweza kujibu, kiache kilivyo, na usijilazimishe kuwa jasiri kwa kukigeuza. Niliandika "nilihama Bel-Air", nikajisifu kidogo, kisha nikakumbuka kodi ilivyopandishwa mara mbili katika miezi saba. Nilihamishwa. Kuliandika hivyo kuliniondolea aibu niliyokuwa nayo kwa kuwaleta watoto kwenye vyumba viwili.

Pili, na hapa uwe mkali, tafuta vitenzi visivyo na mtu: pesa zilitumika, muda ulipita, ndoa iliharibika, simu iliharibika. Mikia hii ya -ika na ndugu zake ni mizuri sana kwa kuficha mkono. Pesa zilitumika na nani? Kwenye orodha yangu kulikuwa na saba za namna hii. "Mafunzo yalikatika" (niliyakatisha). "Sufuria ilipotea" wakati wa kuhama (niliiandika hivyo, nikaendelea). "Mteja mkubwa alipotea" (nilimchelewesha mara tatu). Usijipige kifua kwa kila kimoja. Vingine kweli havina mwenyewe. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanyika kuwa minne, watu wakaamka ndani ya nyumba zile zile wako Haut-Katanga, na hakuna jirani wa kulaumiwa. Lakini katika saba zangu, tano zilikuwa na alama za vidole vyangu.

Tatu, vitenzi vya -ana. Hivi vinauma. Nilikuwa nimeandika kuhusu rafiki yangu: "aliniacha nilipopoteza kazi". Sentensi ilikaa vizuri, ilinipa haki yote. Jioni ile yaya alisoma, akanyamaza, akaniambia nifungue mazungumzo yetu. Humo kulikuwa na simu kumi na moja za Machi na Aprili ambazo sikupokea. Nilikuwa naona aibu ya kuulizwa habari za kazi. "Njo weye uliacha kupokea," yaya akasema, basi. Nikafuta. Tuliachana. Kila "aliniacha" na kila "nilimwacha" ijaribu kwa -ana kabla hujaiamini.

Mwisho, mkia wa -ia: nilimfanyia, nilimlipia, nilimkalia. Hivi huonyesha mwaka wako ulikuwa wa nani. Mmoja wa kina mama wetu alikuwa na vitenzi ishirini na tisa, na ishirini na viwili viliishia kwa mtu mwingine: kumpikia, kumwoshea, kumtafutia. Hakusema kitu. Alihesabu tena.

Hatua ya tano: shahidi mmoja

Chagua mtu mmoja aliyekuona mwaka mzima. Asiwe mume au mke mwanzoni, kwa sababu naye ana kesi katika mwaka huo huo. Asiwe mama mkwe, kwa heshima tu. Yaya, dada, jirani mwenye mdomo mzito, mwenzako wa kazi.

Usimuulize "nimebadilika?" Atakujibu kwa adabu. Muulize mawili: mwaka huu ni kitu gani uliacha kuniomba? Na ni kitu gani ulianza kunificha? Kisha funga mdomo, uandike anachosema bila kujitetea. Ukianza na "lakini yaya", mahojiano yamekwisha.

Ukurasa wa pesa

Ukurasa mmoja unatosha. Tunaishi kwa sarafu mbili, kwa hiyo kila deni na kila akiba iandike kwa dola au kwa faranga kama ilivyo, na pembeni weka bei ya kubadilisha ya siku ile. Vinginevyo utadhani umeweka akiba kumbe ni bei tu imesogea, au utadhani umerudi nyuma kumbe hapana. Dola yenye kijitundu usiihesabu kama dola. Wewe mwenyewe hungeipokea sokoni.

Ukurasa wa waliotutoka

Kama umezika mwaka huu, usiwaweke katika ile orodha ya vitenzi. Kuna mambo ambayo hayastahili kukaguliwa. Wape ukurasa wao, jina tu na mwezi, na nafasi tupu chini. Sisi huurudia ukurasa huo tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tunapokwenda kusafisha makaburi kabla ya kurudi kuwasalimu wazazi walio hai mchana. Nafasi ile tupu kufikia siku hiyo huwa imepata la kuandikwa.

Kuangalia mbele

Sasa funga kaye, ulale, uifungue siku nyingine. Usipange mwaka ujao jioni ile ile uliyosoma uliopita. Utapanga kwa hasira au kwa huruma.

Onyo kabla ya kuanza: kaye hii si ushuhuda wa kanisani. Ushuhuda wa mkesha unahitaji mwisho mzuri ili watu waseme amina, na hilo si kosa, ndiyo kazi yake. Ila nimewaona watu wanaandika mwaka wao wakiwa tayari wameusikia kwenye maikrofoni. Mwaka ulioishia katikati, uandike katikati.

Anza na orodha ya vitu visivyotakiwa kubadilika. Hakuna anayeianzisha hii, na ndiyo inayolinda vingine. Kwangu ilikuwa: chakula cha jioni pamoja, hata kama ni bukari na sombe (ugali na kisamvu) siku tano mfululizo, mtoto wa kwanza kubaki shule ile ile, Jumapili bila cherehani. Mpango wowote utakaokanyaga orodha hii unakatwa hapo hapo.

Halafu andika mipango, isizidi minne. Kila mpango upite majaribio haya.

Kitenzi kiwe na mwenyewe. "Mambo yatabadilika" hapana. "Nitasaidiwa" inakubalika tu kama aliyeahidi kusaidia amesema ndiyo kwa mdomo wake, siyo kwa dhana yako.

Kiwe na bei ya kwanza, si bei ya mwisho. "Nitapanua biashara" haina bei. Mimi niliandika: "Mpaka mwisho wa Aprili nitakuwa na meza ya kukatia vitambaa, nitaweka faranga 5,000 kila Jumamosi kuanzia ya pili ya Januari." Ni Jumamosi kumi na sita hivi, faranga 80,000, na fundi seremala wa mtaani alikubali. Kama siku ya Jumamosi ya tatu huna 5,000, umejua mapema kwamba mpango ni mkubwa kuliko wewe, wala hungoji Desemba ikuambie.

Kiwe na mlango wa kutokea. Andika: "Ikiwa hadi baridi hakuna wateja sita wa kudumu, nitatafuta tena kazi ya ukeshia." Watu hudhani sentensi hii inaleta nuksi. Mimi naona ndiyo iliyonipa usingizi, kwa sababu woga wangu ulikuwa na tarehe ya kuitwa, haukuwa unapiga hodi kila usiku.

Na mpango mmoja kati ya minne uwe wa kufungua, si wa kufunga. Kujitoa kwenye likelemba ya tatu ambayo hukuwa na uwezo nayo. Kurudisha cheo cha kamati. Kutoza bei halisi kwa shangazi ambaye umemshonea bure tangu Mei (huu ni mgumu, najua, na mimi bado sijaufanya).

Kuhusu Januari: usianzishe humo chochote kinachohitaji pesa nyingi. Ni mwezi wa tope na madeni ya sherehe. Januari ni ya mambo ya miguu na mdomo: kwenda kumwona mtu, kuuliza bei, kuomba msamaha, kujiandikisha. Mambo ya pesa yaanze mvua zikikata, kama wenye viwanja wanavyofyatua na kuchoma matofali wakati wa ukavu. Hakuna anayechoma tofali Januari akalaumu tofali.

Kama mko wawili ndani ya nyumba, kila mmoja awe na kaye yake, na mnachobadilishana ni kurasa za mbele tu. Kurasa za nyuma kila mtu atazisoma mwenyewe kwa mwenzake akitaka. Kuchungulia kaye ya mwenzako ni kuiua. Mwaka unaofuata ataandika kwa ajili ya macho yako.

Kurudi kwenye kaye

Mara tatu kwa mwaka: mwisho wa Aprili, kwenye baridi ya Julai, na siku ya mvua ya kwanza. Dakika ishirini kila mara, unaweka alama tu: imefanyika, imesogezwa, imekatwa. Ikisogezwa mara mbili, ikate. Na ile ya Julai, mkikaa jioni kuzunguka mbabula (jiko la makaa), ibaki nje au mlango uwe wazi. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu usingizini, hayangoji umalize kusoma.

Weka kaye pamoja na karatasi za shule za watoto. Mahali pengine popote utaisahau. Pale utaigusa Septemba ukitaka usitake.

Kwa mwaka ujao nina mistari minne. Wa kwanza hauna pesa ndani yake: "Jumapili ya pili ya Januari, baada ya misa, nitampelekea sufuria yake." Ni ile kubwa ambayo rafiki yangu wa miaka kumi na minne alinikopesha siku za kilio cha baba mkwe, ile niliyoandika kwamba ilipotea. Iko chini ya cherehani, nimekuwa nikitupia humo mabaki ya vitambaa tangu nilipofika Katuba. Nimeshaisugua.